Injini Gani kwa Reli Gani?

Kazimia iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Fizi. Watu wake wanajua mitumbwi, nyavu na ndagala. Usiku mtoto wa Kazimia akisikia sauti juu ya maji, hutambua mara moja kama ni upepo unaokuja au ni mota ya mashua. Lakini sauti ya gari la moshi haisikii kamwe, kwa sababu hakuna reli. Reli moja iko ng'ambo ya ziwa, upande wa mashariki, katika mji wa Kigoma, nchi ya Tanzania. Nyingine iko kusini, upande huu huu wa Kongo, katika mji wa Kalemie.

Hata hivyo wako watu wengi wa Fizi walioona gari la moshi kwa macho yao. Wengine walikwenda Kigoma kwa biashara. Wengine walivuka ziwa mwaka 1996 na miaka iliyofuata, wakikimbia vita, wakakaa muda mrefu katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Waliporudi walileta habari za mambo waliyoyaona. Watoto wakasikia. Na watoto wakisikia habari ya kitu, mikono yao haitulii. Huchukua vijiti vya mchikichi, makopo ya samaki na vifuniko vya chupa, wakatengeneza gari la moshi, wakalivuta kwa kamba mchangani.

MCHEZO NA MFANO

Gari la kopo ni mchezo mzuri. Mwenye kulitengeneza aweza kulipa magurudumu matatu au kumi, na kulipaka rangi yo yote. Hakuna atakayemwuliza neno.

Lakini iko kazi nyingine inayofanana na mchezo, nayo ina sheria. Ndiyo kazi ya kutengeneza mfano mdogo wa kitu kilichokuwako kweli. Mfano wa namna hii humwambia kila anayeutazama, "Hivi ndivyo ilivyokuwa." Basi mfano ni kama shahidi mbele ya wazee wa baraza. Shahidi akisema neno asilolijua, aweza kuwapoteza watu wote. Mfano nao ukiwa wa uongo, watoto wanaoutazama watajifunza uongo, na watauchukua mpaka uzee wao.

Katika nchi nyingi wako watu wazima wanaofanya kazi hiyo kwa bidii kubwa. Hutengeneza reli ndogo juu ya meza, pamoja na stesheni, madaraja na milima. Swali linalowasumbua kuliko yote ni hili: Injini gani yafaa kuwekwa juu ya reli hii? Swali laonekana dogo, lakini si dogo. Mfano ufuatao utaonyesha sababu yake.

GARI LA MOSHI LILILOLETA MELI

Tuseme wanafunzi wa darasa la sita wa Kazimia wanataka kutengeneza mfano wa stesheni ya Kigoma. Wamechagua habari moja ambayo kila mtu wa ziwani angependa kuijua, yaani habari ya meli Liemba na jinsi ilivyofika ziwani.

Meli hiyo ilitengenezwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, nchi ya Ujerumani. Urefu wake ni mita 71 hivi. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen. Lakini hakuna mto unaoweza kuileta meli kubwa kutoka bahari ya Hindi mpaka Ziwa Tanganyika. Basi mafundi waliifungua vipande vipande, wakavitia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakapakiwa katika meli za baharini, yakafika Dar es Salaam. Kutoka hapo yalichukuliwa kwa gari la moshi mpaka Kigoma.

Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilifika Morogoro. Mwaka 1912 ilifika Tabora. Mwezi wa Februari 1914 ilifika Kigoma, baada ya kilometa zipatazo 1,250. Pale Kigoma mafundi waliunga tena vipande vya meli, kimoja kimoja, na tarehe 5 Februari 1915 wakaishusha majini.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuanza. Mwezi wa Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe ili adui asiipate. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi isishikwe na kutu. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza tena safari kwa jina jipya, Liemba. Mwaka 1997 meli hiyo hiyo iliwarudisha Kongo maelfu mengi ya wakimbizi kutoka Kigoma. Kwa hiyo wako wazee na kina mama wa nchi hizi waliosimama juu ya sakafu yake ya chuma. Bila gari la moshi, meli hiyo isingalifika ziwani hata kidogo.

Basi wanafunzi wanataka kuonyesha siku ile: stesheni ya Kigoma, mabehewa yamejaa masanduku ya meli, na mbele yake injini. Lakini injini gani?

WANAFUNZI WANNE, INJINI NNE

Mwanafunzi wa kwanza aleta picha aliyoiona katika kitabu. Ni picha ya injini kubwa ajabu, yenye rangi nyekundu iliyoiva. Ubavuni imeandikwa jina lake, Mount Gelai, yaani Mlima Gelai. Mwanafunzi asema, "Mlima Gelai uko Tanzania. Kigoma iko Tanzania. Basi injini hii ndiyo yenyewe."

Asemavyo juu ya mlima ni kweli, lakini juu ya injini amekosa. Injini ile ilikuwa ya shirika la reli la Afrika ya Mashariki. Ilikuwa moja katika 34 za aina moja, zilizotengenezwa Uingereza na kiwanda cha Beyer Peacock, zikaletwa mwaka 1955 na 1956. Zote zilipewa majina ya milima. Kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, nchi ya Kenya. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250.

Uzito huo una maana. Tazama daraja la ubao mmoja juu ya kijito. Mtoto apita salama. Ng'ombe akipita, ubao wavunjika. Ndivyo ilivyo kwa reli. Vyuma vya reli vina unene mbalimbali, na kila reli ina mzigo iwezao kuuchukua. Kila mhimili wa injini zile za milima, yaani chuma kinachounga magurudumu mawili, ulikandamiza reli kwa uzito wa tani 21 hivi. Njia ya Mombasa na Nairobi ilikuwa imewekewa vyuma vizito vya kuuvumilia. Njia ya Kigoma ilikuwa na vyuma vyepesi. Basi injini yenye jina la mlima wa Tanzania haikuweza kufika Kigoma. Jina lilimdanganya mwanafunzi. Aidha, mwaka 1914 injini hiyo ilikuwa bado haijatengenezwa. Leo Mount Gelai imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya reli, mjini Nairobi.

Mwanafunzi wa pili asema, "Baba yangu alikaa Kigoma. Aliona injini kwa macho yake. Haikuwa na moshi mwingi wala bomba refu. Ilikuwa kama nyumba ndefu ya chuma, nayo ilinguruma kama lori."

Baba yake hakusema uongo. Aliyoiona ni injini ya dizeli. Lakini injini kubwa za dizeli zilianza kutumika katika reli za Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1960. Shahidi aliona mahali pale pale, lakini katika mwaka mwingine. Kati ya masanduku ya meli na safari ya baba huyo ilipita miaka zaidi ya 80.

Mwanafunzi wa tatu asema, "Mjomba alisafiri kwa gari la moshi la TAZARA. Lilitoka Dar es Salaam, na gari lililoleta meli lilitoka Dar es Salaam. Tutengeneze lile."

Kweli njia zote mbili zaanzia Dar es Salaam, lakini si njia moja. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa Wachina kuanzia mwaka 1970 mpaka 1975, nayo huenda Kapiri Mposhi, nchi ya Zambia. Na iko tofauti nyingine isiyoonekana mpaka upime. Katika reli ya Kigoma, nafasi kati ya vyuma viwili ni milimeta 1,000, yaani meta moja kamili. Katika reli ya TAZARA nafasi hiyo ni milimeta 1,067. Tofauti ni milimeta 67 tu, chini ya upana wa kiganja cha mtu mzima. Lakini kwa sababu ya milimeta hizo, injini ya njia moja haiwezi kutembea juu ya njia ya pili. Magurudumu yake yataanguka katikati, au hayataingia kabisa. Ndiyo maana katika stesheni ya Kidatu, mahali njia hizo mbili zinapokutana, mizigo hushushwa katika mabehewa ya njia moja na kupakiwa katika mabehewa ya njia ya pili.

Mwanafunzi wa nne ameona picha za treni mpya ya Tanzania, iendayo kwa umeme. Treni hiyo ilianza kuchukua wasafiri kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, na mwaka huo huo ikafika Dodoma. Ni nzuri na ina mwendo wa kasi. Lakini reli yake ni nyingine tena, yenye upana wa milimeta 1,435, na juu yake zimetundikwa nyaya za umeme. Mwaka 1914 Kigoma haikuwa na waya hata mmoja wa namna hiyo.

Wanafunzi wanne wameleta injini nne, na zote nne ni injini za kweli. Hakuna aliyebuni kitu. Lakini hakuna hata moja iliyovuta masanduku ya meli. Hapa ndipo penye fundisho: kitu cha kweli kikiwekwa mahali si pake, au katika mwaka si wake, chageuka kuwa uongo.

MASWALI MATATU YA KUANZIA

Mtengenezaji wa mfano asianze na injini anayoipenda. Aanze na maswali matatu.

Swali la kwanza: Mahali gani? Kigoma si Nairobi, wala Nairobi si Kalemie.

Swali la pili: Mwaka gani? Yafaa kuandika mwaka kwenye karatasi na kuibandika ukutani kabla ya kukata ubao wo wote. Kila kitu kitakachowekwa mezani kitapimwa kwa mwaka huo: injini, nguo za watu, taa, hata herufi zilizoandikwa ubavuni mwa behewa. Mpaka mwaka 1916 reli ya Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kisha Wabelgiji waliishika Kigoma kwa miaka michache, halafu Waingereza wakaitwaa. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa zikawa chini ya shirika moja la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1977 shirika hilo lilivunjika, na Tanzania ikawa na shirika lake. Kwa hiyo akionekana mtu ameandika herufi za shirika la Afrika ya Mashariki juu ya injini ya mwaka 1914, huyo ameweka kofia ya mjukuu juu ya kichwa cha babu.

Swali la tatu: Reli gani? Upana wake ni milimeta ngapi, na vyuma vyake vyaweza kuchukua uzito gani?

Akiisha kujibu maswali haya, injini nyingi zaondoka zenyewe. Kwa Kigoma ya mwaka 1914 yabaki jibu hili: injini ya mvuke, iliyotengenezwa Ujerumani, ya reli yenye upana wa meta moja, isiyo nzito mno.

Mtu aweza kuuliza, "Je, haiwezi kuwa ile injini ya Garratt, yenye sehemu mbili za magurudumu?" Garratt ni injini maarufu sana katika Afrika. Pipa lake kubwa la kuchemshia maji limetundikwa katikati, na magurudumu yako mbele na nyuma, kama mzigo uliofungwa kwenye mti na kuchukuliwa begani na watu wawili. Hivyo uzito wagawanyika, na injini yenye nguvu yaweza kupita juu ya reli nyepesi na kukata kona kali. Zile 34 za milima zilikuwa za namna hiyo. Garratt ya kwanza duniani ilitengenezwa mwaka 1909. Basi mwaka 1914 Garratt zilikuwako duniani. Lakini katika reli ya Tanganyika zilikuja karibu na mwaka 1930. Kuwako duniani si kuwako Kigoma.

KUISOMA PICHA

Sasa wanafunzi wana jibu, lakini jibu la maneno halitoshi kwa mtu anayeshika msumeno. Yambidi kuona umbo. Ndipo picha za zamani zinapofaa. Picha nyingi za wakati wa Wajerumani zimetunzwa, kwa mfano katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Siku hizi mwalimu aweza kutafuta picha kwa simu na kuwaonyesha wanafunzi.

Picha husomwa kama kitabu, polepole, kutoka mwanzo hata mwisho. Jambo la kwanza ni kuhesabu magurudumu. Injini ya mvuke ina magurudumu ya namna mbili. Makubwa ndiyo yenye kazi. Moto huchemsha maji, mvuke ukapanda kwa nguvu, kama ule unaorusha kifuniko cha sufuria. Mvuke husukuma vyuma vya pembeni, na vyuma hivyo huzungusha magurudumu makubwa. Magurudumu madogo, ya mbele na ya nyuma, hayasukumwi na mvuke. Kazi yao ni kuiongoza injini na kubeba uzito.

Waingereza huandika hesabu ya magurudumu kwa tarakimu, wakianza mbele. Injini yenye magurudumu madogo mawili mbele, makubwa manane katikati, na madogo mawili nyuma, huitwa 2-8-2. Wafaransa huhesabu mihimili badala ya magurudumu, kwa hiyo injini hiyo hiyo wao huiita 141. Mwanafunzi asifikiri kwamba hizo ni injini mbili. Ni moja, yenye majina mawili. Akisoma kitabu cha Kifaransa na kitabu cha Kiingereza, hana budi kukumbuka jambo hili.

Jambo la pili ni kutazama kama nyuma ya injini kuna behewa dogo la maji na kuni au makaa. Behewa hilo huitwa tenda. Injini nyingine hazina tenda, bali huchukua maji yake katika matangi ya ubavuni. Jambo la tatu ni bomba la moshi: ni refu au fupi, nyembamba au pana? Jambo la nne ni kibanda cha dereva: kina paa la namna gani, na madirisha mangapi?

Jambo la tano ndilo linalosahauliwa mara nyingi, nalo ni kusoma maneno yaliyo chini ya picha. Picha ya injini ya Kijerumani katika nchi ya Kameruni si ushuhuda wa Kigoma. Picha isiyo na mahali wala mwaka ni kama mgeni asiyetaja kwao. Apewe kiti, lakini asiaminiwe upesi.

Na rangi je? Picha za siku zile ni nyeusi na nyeupe, hazionyeshi rangi. Hapo wanafunzi wasibuni rangi ya kupendeza. Injini nyingi za mvuke zilipakwa rangi nyeusi. Basi watumie nyeusi, kisha waseme waziwazi kwamba rangi hawakuihakikisha.

KUPIMA

Mfano mzuri una kipimo kimoja, na kila kitu hufuata kipimo hicho. Tuseme wanafunzi wamechagua kipimo cha moja kwa ishirini. Maana yake ni kwamba kila sentimeta 20 za kitu cha kweli zinakuwa sentimeta 1 katika mfano.

Reli ya Kigoma ina upana wa milimeta 1,000. Gawanya kwa 20, jibu ni milimeta 50. Basi vijiti viwili vya reli viwekwe sentimeta 5 mbalimbali, kutoka Dar es Salaam ya meza mpaka Kigoma ya meza. Mtu mwenye urefu wa sentimeta 170 awe na sentimeta 8 na nusu. Yafaa kumtengeneza mtu huyo mapema kwa udongo, na kumsimamisha kando ya kila kitu kinachotengenezwa. Kama mlango wa behewa ni mfupi kuliko yeye, au gurudumu linamfunika kichwa, fundi atajua kwamba amekosea hesabu.

Ile Mount Gelai ilikuwa na urefu wa meta 31 na zaidi. Kwa kipimo hicho ingekuwa na urefu wa meta moja na nusu hivi. Na meli yenyewe, ya meta 71, ingezidi meta tatu na nusu, isiingie mlangoni. Ndiyo maana yafaa kuonyesha masanduku tu. Hata meli ya kweli haikuingia katika gari la moshi ila kwa masanduku.

RELI YA UPANDE WA KONGO

Wanafunzi wengine waweza kusema, "Kigoma ni nchi nyingine. Afadhali tuonyeshe reli ya nchi yetu." Maneno haya ni mema. Reli iko, na habari yake yafundisha jambo moja zaidi.

Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya kujenga reli kando ya mto Kongo kwa juu na kuelekea maziwa makubwa. Mahali mto ulipoweza kupitika, watu walisafiri kwa meli. Mahali penye maporomoko, walipanda gari la moshi. Mwaka 1915 reli yake kutoka Kabalo ilifika Ziwa Tanganyika, katika mji ambao siku zile uliitwa Albertville, na leo waitwa Kalemie. Urefu wa njia hiyo ni kilometa 273.

Reli hiyo ilijengwa kwa upana wa milimeta 1,000, sawa na ile ya Kigoma. Lakini reli ya Katanga ilikuwa na upana wa milimeta 1,067. Katikati ya miaka ya 1950 njia ya Kabalo ilitakiwa kuunganishwa na ya Katanga. Basi vyuma vilisogezwa, na upana wa njia ya Albertville ukawa milimeta 1,067.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetengeneza stesheni ya ziwani ya mwaka 1930, aweke reli ya meta moja na ubao wenye jina Albertville. Anayetengeneza ya mwaka 1960, aweke reli ya milimeta 1,067. Kwa kipimo cha moja kwa ishirini, tofauti ni milimeta 3 na kidogo. Nani ataziona milimeta 3? Labda hakuna. Lakini fundi mwenyewe anajua. Mvuvi anayefunga fundo moja vibaya katika wavu wenye mafundo elfu, naye anajua, hata kama sokoni hakuna amwulizaye.

UBAO MDOGO MBELE YA MFANO

Kazi ikiisha, bado limebaki jambo moja. Mbele ya mfano uwekwe ubao mdogo wenye maneno machache. Kwa mfano: "Stesheni ya Kigoma, mwaka 1914. Masanduku ya meli yawasili. Kipimo, moja kwa ishirini. Umbo la injini limefuata picha ya zamani. Rangi haikuhakikishwa."

Maneno hayo ya mwisho si aibu. Ni heshima ya kazi. Anayesema, "Hili nalijua, na hili silijui," huaminiwa katika yale anayoyajua. Anayejifanya kujua yote hukamatwa siku moja, maana njia ya mwongo ni fupi.

Halafu waitwe wazee. Yuko atakayekuja polepole na fimbo yake, aliyepanda Liemba mwaka 1997 akirudi kwao. Atainama mbele ya meza, atatazama reli, mabehewa na yale masanduku, naye atauliza, "Hii ndiyo iliyoileta meli?" Siku hiyo wanafunzi wataweza kumjibu bila kuona haya, "Ndiyo, babu. Ndivyo ilivyokuja."

MANENO YA KUJIFUNZA

Mfano: kitu kidogo kilichotengenezwa kwa kufuata umbo la kitu kikubwa.
Behewa: gari la kuchukua watu au mizigo, livutwalo na injini.
Tenda: behewa dogo la maji na kuni au makaa, lililofungwa nyuma ya injini.
Mhimili: chuma kinachounga magurudumu mawili.
Kipimo: hesabu ya kupunguza kitu kikubwa ili kiwe mfano.

MASWALI

1. Mchezo na mfano vina tofauti gani?
2. Kwa nini meli Graf von Goetzen ilifunguliwa vipande vipande?
3. Wanafunzi wanne walileta injini nne. Eleza kosa la kila mmoja.
4. Kwa nini injini Mount Gelai haikuweza kwenda Kigoma, ingawa ina jina la mlima wa Tanzania?
5. Injini moja ina magurudumu madogo manne mbele, makubwa manane katikati, na madogo mawili nyuma. Waingereza wataiandikaje? Wafaransa je?
6. Behewa moja la kweli lina urefu wa meta 12. Katika mfano wa moja kwa ishirini litakuwa na urefu wa sentimeta ngapi?
7. Mwulize mzee mmoja wa kijiji chako habari ya meli au gari la moshi alilolipanda. Andika mahali na mwaka kabla ya kuandika neno jingine lo lote.